Barua ya Wazi kwa Vijana wa Mtaa wa Reli, Mtwara

Wajukuu zangu,

Nimewasikia kijiweni mkicheka kwamba kile chuma kilichoning'inia kwenye mwembe kimekwenda kwa kilo, kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Natafuta namna ya kusema bila matusi. Nikiteleza mtanivumilia.

Kile kilikuwa kipande cha reli yenyewe. Mwaka 1947 Mwingereza alikuja na mpango wake wa karanga, akafyeka mapori ya Nachingwea, akaanza kujenga gati hapa Mtwara na kutandika reli kwenda bara. Waliobeba mataruma ni babu zenu, Wamakonde, Wayao, Wamwera, na waliovuka Ruvuma kutafuta kibarua. Karanga zikagoma, 1951 mpango ukafutwa. Gati ilipokamilika 1954, shehena iliyojengewa haipo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Vibarua hawakung'oka. Walijenga vibanda vya miti na udongo, wakaezeka makuti, wakaoana, wakazikana. Nyinyi ndio uzao wao.

Chuma kile kikigongwa usiku, hakuna aliyeuliza kuna nini. Moto, mwizi au msiba, unatoka na shuka uliyojifunika. Siku hizi msiba unatangazwa kwenye kundi la simu, mnatuma vijisura vya kulia, halafu kaburi linachimbwa na wazee wenye magoti mabovu. Adabu hiyo mmefundishwa na nani?

Mtanijibu: babu, kazi hakuna. Kweli. Bandari inachangamka msimu wa korosho, ukiisha makuli wanarudi kwenye bao. Mwaka 2013 watu waliingia barabarani kudai gesi yetu isiondoke, wengine wakafa, na bomba likaenda Dar es Salaam. Wakubwa waliotuahidi neema hawajapita kijiweni kuwaeleza imefikia wapi. Hilo nitawasemea popote. Ila mwembe haukuwadhulumu.

Mengine sitayarefusha. Toeni michango ya mazishi. Mama ntilie msimkope kisha mkabadilisha njia. Dada zenu wanabangua korosho, mafuta ya ganda yanawaunguza vidole. Wakirudi wakute maji yamechotwa.

Sasa nendeni kwa huyo mnunuzi kabla lori halijapakia. Akitaja bei msibishane naye, njooni kwangu, nusu nitatoa mimi. Nusu nyingine mtachangishana nyinyi mliocheka.

Babu yenu