Kirikuu ya kuteremshia machungwa

Ngamiani, Tanga

Kwako Mwinyi, ndugu yangu,

Assalaam alaykum. Huku wote wazima, mama anakusalimu na anauliza habari za watoto. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Unataka kirikuu ya kuteremshia machungwa kutoka Muheza hadi soko la Mgandini, na umekwama kati ya kuagiza Japani na kuichukua ile ya jirani yako ambayo iko barabarani tayari. Kwenye simu tungeishia kubishana bei, kwa hiyo naandika.

Kirikuu yetu ni Suzuki Carry, na ukijua imetoka wapi utajua kwa nini inaumwa magonjwa yale yale kila mahali. Suzuki hawakuanza na magari. Michio Suzuki alianza na mitambo ya kufumia nguo huko Hamamatsu mwaka 1909, na kwa miaka zaidi ya 40 riziki yao ilitoka kwenye vitambaa. Soko la pamba lilipowageuka baada ya vita wakahamia kwenye injini: mwaka 1952 wakatoa Power Free, baiskeli yenye injini ya cc 36, na mwaka 1955 gari lao la kwanza, Suzulight. Carry ya kwanza ilitoka 1961, ikiwa na silinda 2 na cc 359, ile injini ya kuchanganya oili na petroli.

Hiyo cc 359 haikuja kwa bahati. Serikali ya Japani iliweka daraja la magari madogo: likikaa ndani ya vipimo, mwenyewe anapata nafuu ya kodi na gharama nyingine. Kikomo kilikuwa cc 360, kikapanda hadi 550 mwaka 1976, na 660 mwaka 1990. Tangu Oktoba 1998 vipimo ni urefu mita 3.4, upana mita 1.48, kimo mita 2, na kwa gari la mizigo, kilo 350. Ukipima kirikuu yoyote ya karibuni utakuta imejaa mpaka ukingoni mwa vipimo hivyo. Osamu Suzuki, aliyeoa kwenye ile familia na kushika urais wa kampuni mwaka 1978, alisifika kwa kubana gharama. Mwaka uliofuata alitoa Alto kwa yen 470,000, akiwa ameisajili kama gari la biashara ili ikwepe kodi ya magari ya abiria. Watu wa namna hiyo hawakuwekei chuma cha ziada bure.

Kwa hiyo shika namba hii: kilo 350. Ni mifuko 7 ya saruji. Ni madumu 16 ya maji ya lita 20. Chungwa la wastani ukilihesabu gramu 200, ni machungwa 1,750, na hapo matenga hujayapima. Gari tupu lenyewe lina kama kilo 700, maana yake anayepakia tani moja anakipa chombo mzigo mzito kuliko mwili wake. Najua utaniambia Muheza nzima inapakia mara mbili ya hapo na magari yanafika. Yanafika, ndiyo. Kaa pale Pongwe asubuhi uangalie yanavyofika: pua imeinuka, taa zinamulika minazi, dereva anaanza kukanyaga breki mbali.

Fundi atakushauri uongeze springi nyuma. Fikiria kwanza. Springi za bapa ukiziongeza, gari halikai chini tena, na wewe unaona tatizo limekwisha. Lakini breki za nyuma ni ngoma zile zile, beringi ni zile zile, chesisi ni ile ile, na sasa huna dalili ya kukuonya kwamba umezidisha. Chesisi hupasuka au kupinda pale nyuma ya kebini, bodi inapoanzia. Ukiona pengo kati ya kebini na bodi ni pana juu na jembamba chini, au kinyume chake, gari hilo limeshapinda mgongo, achana nalo hata wakikupa kwa bei ya pikipiki. Kama springi zimechoka, weka za kipimo chake na bushi mpya, na ubadilishe shokapu pande zote mbili kwa pamoja.

Matairi nayo yana siri yake. Saizi yake ni 145R12 ya ply 6, na mpya nyingi siku hizi zimeandikwa 145/80R12 80/78N. Hiyo 80 ni kilo 450 kwa tairi moja, ikiwa imejazwa upepo wa kutosha. Dukani watakupa pia 145/80R12 yenye namba 74, ya gari la abiria, ya bei nafuu kidogo. Saizi inaingia bila shida, lakini 74 ni kilo 375. Usiikubali nyuma. Rimu ina matundu 4 yaliyopangwa kwenye duara la milimita 114.3, na nati zake ni za uzi wa milimita 1.25. Daihatsu Hijet, kirikuu ya kampuni nyingine, duara lake ni 100, na uzi wa 1.5. Mtu akikuazima spea tairi ya Hijet njiani haitakaa, na nati za Hijet ukizilazimisha kwa spana zinakula uzi wa bolti.

Sasa aina. Zile za miaka ya 90, DC51T na DD51T (hizo ni herufi za mwanzo za namba ya chesisi), zina injini ya F6A yenye taimingi belti, yaani mkanda unaoendesha valvu. Hizo ndizo rahisi kununua, ila nyingi zimechoka, na belti inatakiwa kubadilishwa kila kilometa 100,000. Usipopewa ushahidi kwamba imebadilishwa, ihesabu ndani ya bei. Mimi kwa kazi yako ningekwenda DA63T, iliyotoka 2002 hadi 2013. Injini yake ni K6A, silinda 3, cc 658, taimingi cheni, na ekseli zimeachana mita 2.35 kwa hiyo imetulia barabara kuu. Kuna DA65T ya kuanzia 2005, injini ile ile, ila matairi ya mbele yako chini ya viti. Inakata kona finyu vizuri, lakini mwendo wa lami inarukaruka. Iliyofuata ni DA16T, injini R06A, ambayo nayo inageuka kwenye duara lenye nusu kipenyo cha mita 3.6, na kwa vichochoro vya Makorora ni raha tupu. Bei yake bado iko juu. Ukiiona yenye pedali mbili uliza vizuri: kama ni ile ya AGS, ni giaboksi ya manyuo inayojikanyagia klachi kwa umeme, na ikigoma inataka kompyuta yake. Chukua pedali tatu.

Majina yasikuchanganye. Mazda Scrum DG63T ni Carry hiyo hiyo yenye nembo nyingine, na mara nyingine inauzwa chini kwa sababu watu hawaijui. Nissan Clipper DR16T na Mitsubishi Minicab DS16T nazo ni Carry. Lakini Clipper U71T na Minicab U61T ni za Mitsubishi tupu, injini 3G83, na spea za Suzuki hazitaingia. Kwa nje zinafanana vya kutosha kumpoteza mtu. Soma kibati cha namba ya chesisi.

Ile ya jirani yako, nenda alfajiri kabla haijawashwa, na umwambie asiipashe moto. Injini iko chini ya viti, kwa hiyo inua kiti na uangalie kwa tochi. Fungua mfuniko wa oili kwanza. Upande wa ndani uwe mkavu wa rangi ya hudhurungi. Ukikuta utando kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili, na hapo tunazungumzia gasketi ya hedi au hedi yenyewe. Angalia mipaka ya hedi na blok, na maungio ya mipira ya maji: alama nyeupe au za kijani zilizokauka ni maji yaliyowahi kuvuja. Blok ikiwa imeoshwa iking'aa, uliza kwa nini. Kisha fungua rejeta ikiwa baridi. Maji ya kutu, au yenye mafuta yanayoelea, yanatosha kukurudisha nyumbani.

Halafu washa. K6A ikilia kama mnyororo unaburutwa kwa sekunde moja mbili kisha ikanyamaza, inavumilika. Ikiendelea kulia, cheni imelegea, na kinachoilegeza ni oili iliyokaa mpaka ikawa uji. Klachi ijaribu hivi: vuta hendibreki, weka gia ya 3, achia klachi polepole. Injini ikizima papo hapo, klachi ni nzima. Ikiendelea kuzunguka huku inaguna, inateleza. Na injini ikitetemeka huku taa ya injini inawaka, usikubali kuambiwa ni petroli mbaya. Mara nyingi ni koili, ile inayoipa plagi umeme. Kila silinda ina yake. Hamisha koili ya silinda inayokosa uipeleke silinda ya jirani: ugonjwa ukihama nayo, umeipata. Usipohama, rudi kwenye plagi.

Kuchemsha ndiko kunakoua kirikuu nyingi hapa Tanga. Rejeta iko mbele, injini iko chini yako, na katikati kuna mipira mirefu. Ukimwaga maji na kujaza haraka, hewa inabaki ndani, geji inatulia, dereva anafurahi, na hedi ya alumini inaungua taratibu. Jaza hivi: egesha pua ikiwa juu kidogo, hita kwenye moto mkali, mfuniko wazi, mimina kidogo kidogo injini ikiwa inaunguruma, mpaka thamostati (valvu inayoruhusu maji ya moto yaende kwenye rejeta) ifunguke na mapovu yaishe. Usitoe thamostati. Najua ni mtindo, lakini injini inakuwa baridi asubuhi, inakula petroli, na rejeta iliyoziba inabaki imeziba. Tumia kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta, na usiweke maji ya kisima. Visima vya pwani vina chumvi, na chumvi inakula alumini kutoka ndani mahali usipopaona. Kama gari lina taa nyekundu tu bila geji ya joto, funga geji, maana taa ikiwaka muda wa kuokoa umebaki kidogo sana.

Ikishachemsha, usikubali fundi abadilishe gasketi na kufunga. Hedi ipimwe: rula ya chuma juu yake, na kibamba cha geji cha milimita 0.05 kipitishwe chini. Kikipita popote, hedi imepinda na iende mashineni kwanza. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda hairudishi gari kwenye kazi kwa muda mrefu.

Oili haizidi lita 3 pamoja na filta. Mimina lita 2 na nusu, subiri, pima kwa kijiti, ongeza. Ikijazwa kupita alama inatafuta pa kutokea. Badilisha kila kilometa 5,000, na msimu wa machungwa, gari likifanya kazi kila siku, mimi ningeshuka hadi 3,000. Ni oili kidogo sana, inachoka haraka.

Kutu sasa. Ukiagiza, soma karatasi ya ukaguzi ya mnada wa Japani: herufi S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati. Magari ya Hokkaido na kaskazini ya Honshu yametembea kwenye barabara zinazomwagwa chumvi wakati wa theluji, kwa hiyo omba picha za chini, si za pembeni tu. Ya hapa nyumbani, chunguza kona za bodi, chini ya milango, na sakafu chini ya mkeka wa miguu. Gonga kwa kipini cha bisibisi. Bati zima linalia, lililooza linanyamaza. Uliza pia ilikuwa inabeba nini. Kirikuu iliyobeba samaki kutoka Sahare ni janga: barafu inayeyuka, maji ya chumvi yanapita kwenye viungo vya bodi na kudondokea juu ya chesisi na mabomba ya breki, siku baada ya siku. Hata ikipigwa rangi leo, angalia mabomba ya breki. Hayapakwi rangi, hayadanganyi.

Kuhusu kuvuta magurudumu manne, uamuzi wangu ni huu. Kama mzigo unachukulia barabarani, chukua ya nyuma tu, ni nyepesi na haina difu ya mbele ya kutengeneza. Kama shamba ni la kupanda kuelekea Amani, na utashusha masika, ichukue ya nne, lakini uitoe kwenye nne kila unapofika lami. Ekseli mbili zimefungwa pamoja kwenye lami kavu zinabishana kwenye kona, na anayelipa ni giaboksi.

Ya jirani yako, kwa ulivyosema kwamba imeongezwa springi na "inachemsha kidogo kwenye mlima", nisingeitolea hela. Hata hivyo nenda kaiangalie, utajifunza. Ukiagiza, pitisha gari kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujalipa chochote, maana umri wa gari unabadilisha kodi kwa kiasi cha kushangaza. Na namba ya chesisi ya gari lolote utakalolipenda nitumie yote kama ilivyo kwenye kibati, herufi za mwanzo usiziruke. Nitakuambia ni injini gani na spea zake kama zipo hapa mjini kabla hujatoa shilingi.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Bakari