Mhariri, tupeni kona ya picha nyeusi na nyeupe za simu

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na ninyi na wasomaji wenzangu kuhusu hizi picha za simu za nyeusi na nyeupe, sio zile za sura za watu, zile za abstrakti ambazo ukiziona mara ya kwanza unauliza hiki ni nini, kumbe ni ukuta, au kivuli cha ngazi, au kitako cha sufuria. Juzi msomaji mmoja kaandika humu kwamba vijana wanaopiga picha za namna hiyo wanamaliza bando bure na wanaiga wazungu. Mimi napinga, tena napinga kwa moyo wote maana hii kazi naifanya na naipenda.

Hilo la kuiga kwanza. Ni kweli mpiga picha Paul Strand kule Marekani mwaka 1916 alipiga mabakuli ya jikoni na vivuli vya baraza kwa karibu sana mpaka bakuli lenyewe likapotea ukabaki mwanga na umbo tu, na mwaka uliofuata mwenzake Alvin Langdon Coburn akiwa London akafunga vioo vitatu vya kujitazamia kwa pembetatu akawa anapiga picha kupitia humo. Sawa, wapewe heshima yao. Lakini nendeni Lamu, ombeni kuingia kwenye zile nyumba za kale za mawe mkaangalie zidaka, yaani ukuta mzima wa chokaa nyeupe umejaa vishubaka vidogo vidogo safu juu ya safu, hakuna sura ya mtu wala mnyama, na mwanga ukiingia toka uani kila kishubaka kinabaki na kipande chake cha giza. Zile nyumba zipo tangu karne ya 18, kamera haijabuniwa hata huko kwao. Bado sijagusa mikeka ya ukili, wala nakshi za milango ya Unguja. Watu wa pwani wamependa umbo na mpangilio siku zote, sasa kijana wa leo akichukua simu akafanya hivyohivyo eti anaiga, anamuiga nani? Na hata picha nyeusi na nyeupe sio mgeni huku, pale Mji Mkongwe kuna Capital Art Studio iliyofunguliwa mwaka 1930, ukiingia utaziona ukutani.

Sasa nije kwenye utamu wenyewe. Wapiga picha wengi watakwambia usipige saa sita mchana, jua kali, subiri jioni, na kwa harusi wako sahihi kabisa. Ila kwa hizi zetu saa sita ndio yenyewe, kwa sababu huku kwetu jua linakaa utosini, Dar iko kama digrii 7 tu kusini ya ikweta, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, linapita juu kabisa ya kichwa. Jua la namna hiyo linashuka likiparaza ukuta toka juu mpaka chini, kila kokoto kwenye lipu, kila ufa, kila kichwa cha msumari kinatoa kivuli kirefu chembamba, ukuta uliokuwa unaupita kila siku bila kuutazama unakuwa na milima na mabonde. Saa kumi na moja jioni ukirudi palepale huenda usikute kitu.

Mfano nenda mtaa wa Gerezani hapa Dar kwa mafundi wa mabati. Msalimie fundi kwanza, muombe, mwambie shikamoo mzee, napiga hilo bati tu sio wewe, mara nyingi atakubali na atakushangaa kidogo. Angalia bati la migongo lililoegeshwa na waya umepita juu yake, waya umenyooka kabisa lakini kivuli chake kikiangukia ile migongo kinageuka mawimbi. Sogea mpaka kioo cha simu kijae bati peke yake, usivute kwa zoom maana unapoteza ubora, tumia miguu. Halafu gusa kwenye kioo sehemu yenye mwanga, shikilia mpaka simu ifunge kipimo cha mwanga, shusha mwanga taratibu mpaka cheusi kikolee. Na kama simu yako ina HDR izime, simu za siku hizi zinapiga picha kadhaa kwa mpigo na kuziunganisha ili kivuli kisiwe kizito, kwa sura za watu ni msaada ila hapa tunakitaka kile kizito.

Mimi napiga kwa rangi kwanza ndio nageuza baadaye, kwa sababu ukigeuza kwenye programu kama Snapseed, ambayo ni bure, unachagua rangi gani iwe nyeupe na ipi iwe nyeusi. Dumu la njano mbele ya ukuta wa bluu, ukiweka kichujio cha njano dumu linang'aa na ukuta unazama, ukiweka cha bluu mambo yanapinduka, na picha ni ileile! Kuna hata simu zilizotengenezwa na kamera ya pili isiyosoma rangi kabisa, mfano Huawei P9 ya mwaka 2016, mwenye nayo ya zamani kabatini aitoe aichaji.

Ombi langu kwenu sasa. Kurasa zenu nyingi za ndani bado zinachapwa kwa wino mweusi peke yake, naelewa, rangi inataka wino wa aina nne na gharama iko juu. Lakini mnachukua picha ya rangi mnaitupia humo na inatoka kijivu kitupu, jezi nyekundu na nyasi za kijani zinafanana hujui mchezaji yuko wapi. Picha iliyopigwa kwa kufikiria nyeusi na nyeupe toka mwanzo ingekaa vizuri zaidi kwenye karatasi yenu kuliko hizo. Tupeni kona moja Jumamosi, picha moja tu ya msomaji aliyepiga kwa simu, ila iwe kubwa, isiwe saizi ya pasipoti, na wapangaji wenu wasiizidishie weusi maana karatasi ya gazeti inakunywa wino na giza linameza kila kitu. Wekeni jina la mpigaji na mtaa wake. Ni kitu gani kimepigwa msiandike siku hiyo, jibu litoke Jumamosi inayofuata, katikati hapo sisi wasomaji tubishane vijiweni.

Msomaji wenu wa kila siku,
Magomeni, Dar es Salaam