Dada Mtu Amekuwa Mkalimani wa Mdogo Wake: Nimwache au Nimzuie?

Mshauri, salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu.

Mimi ni baba wa mabinti wawili. Mkubwa ana miaka 4 na nusu, mdogo ana miaka 2 na miezi 3. Naandika kwa sababu wiki iliyopita nilimfokea mkubwa kwa jambo ambalo mpaka sasa sina hakika kama ni kosa, na tangu siku ile nyumba yetu imebadilika. Mnivumilie nieleze kwa urefu kidogo, maana nikieleza juujuu nitajibiwa "kila mtoto na wakati wake", na jibu hilo nimeshapewa mara nyingi.

Mkubwa alianza kusema mapema. Alipotimiza mwaka alikuwa anasema "baba", "taa" na "paka", na kila chenye miguu minne kwake kilikuwa paka. Nikatenga daftari, nikawa naandika kila neno jipya na tarehe yake. Alipofikia umri alio nao mdogo leo, nilikuwa nimeshaacha kuhesabu maneno, naandika sentensi nzima. Nikilifungua sasa nakuta mambo niliyokuwa nimeyasahau. Kwake kila kilichopita kilikuwa "jana", hata kama ni cha dakika 5 zilizopita. Jicho yakiwa mawili yalikuwa "majicho", na jino yakiwa mengi yalikuwa "majino". Hakuna mtu mzima aliyewahi kumwambia "majino". Alisikia jani na majani, tunda na matunda, akajitungia kanuni kichwani mwake, kisha akaipeleka hadi mahali ambapo lugha yenyewe haifiki. Siku nilipolitambua hilo nilikaa na daftari mapajani muda mrefu, kwa sababu nilikuwa nimemwona mtoto akifikiri. Siku hizi anasema meno, na kusema kweli yale majino nayakumbuka sana.

Kurasa za mdogo hazijajaa hata moja. Nimehesabu maneno 17. "Ma" ni maji na pia ni mama, tofauti utaijua kwa kuangalia mkono unaelekea wapi. "Ta" ni taa. "Bu" ni chochote kilichoanguka. Lililo safi kuliko yote, lisilokosa hata sauti moja, ni "dada".

Lakini anaelewa. Nikimwambia "kachukue kitambaa umpelekee mama", anakwenda, anakichukua, anampelekea. Ukimuuliza pua iko wapi, sikio, kitovu, anaonyesha vyote bila kukosea. Na kuongea anaongea sana, ila kwa lugha isiyo na neno hata moja. Anaweka kipande cha mbao sikioni kama simu, anatoa maelezo marefu, anapandisha sauti mwishoni kama anayeuliza, anangoja, kisha anacheka kama aliyejibiwa. Ukiwa chumba cha pili utadhani kuna mtu mzima anazungumza.

Sasa shida yenyewe. Mdogo hapati nafasi ya kuhitaji neno, kwa sababu dada yake anamsemea. Mkono wake haujanyooka wote, mkubwa ameshatafsiri: "Baba, anataka kile kikombe chenye kifuniko." "Mama, anasema soksi inambana." Mgeni akimuuliza mdogo jina lake, jibu linatoka kwa dada, pamoja na umri wake na habari za tumbo lililomuuma. Na mara nyingi anapatia kabisa. Hata sisi wazazi tumezoea: mdogo akitoa sauti tusiyoielewa, tunamgeukia mkubwa na kumuuliza, "Anasema nini?" Kazi hiyo tulimpa sisi wenyewe.

Jioni moja mdogo alikuja sebuleni akisema "ki, ki", kidole kikielekea chumbani. Mkubwa akasema anataka kitabu, akamletea. Mdogo akakitazama kile kitabu, akatazama uso wa dada yake, akatikisa kichwa kukubali, akakaa nacho. Hakukifungua. Macho yake yalibaki mlangoni. Nikapiga magoti na kuweka kichwa changu sawa na chake nione anachokiona yeye. Kutoka kimo kile, chini ya kitanda palikuwa peupe: kiatu chake kimoja, kimelala ubavu karibu na ukuta. Nikiwa nimesimama nisingekiona kamwe. Nilipomletea alikikumbatia kifuani akasema "ki" kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi.

Kuchelewa kwake kusema nilikuwa nimeanza kukuzoea. Kilichoninyima usingizi usiku ule ni kule kutikisa kichwa. Mtoto alipokea kitu ambacho hakukiomba, akakikubali, kwa kuwa hana neno la kukikataa. Nikajiuliza ni mara ngapi kwa siku anapewa kitabu wakati moyo wake uko kwenye kiatu.

Siku mbili baadaye mkubwa alipofungua kinywa kumsemea tena, nikamkatiza. "Nyamaza! Hujaulizwa wewe. Mwache aseme mwenyewe." Sikuwahi kumwambia mtoto huyu anyamaze. Daftari zima nililolijaza ni la furaha ya kumsikia akisema.

Akanyamaza. Asubuhi yake mdogo akaelekeza kidole juu ya meza, akasema "ma", akamgeukia dada yake kama kawaida. Mkubwa akabana midomo, akanitazama mimi. Mdogo akasubiri. Akamvuta mkono. Akasubiri tena. Halafu akalia, na nilipompa maji hakuyagusa.

Tangu hapo mkubwa hunitazama usoni kabla ya kusema jambo lolote mbele ya mdogo wake. Wakiwa wawili chumbani nasikia minong'ono, nikiingia kimya. Nimemwomba radhi. Nilimwambia Baba alikosea kumfokea, akanijibu "sawa, Baba", na ile sawa ilikuwa fupi mno kwa mtoto ambaye humjibu mtu neno moja kwa maneno 20.

Nyumbani hatuko pamoja katika hili. Mama yao anasema niwaache. Anasema dada mtu ndiye aliyemfundisha mdogo kupiga makofi, kupuliza mshumaa, hata kuaga kwa mkono, na kwamba nikimwondoa mkubwa katikati nitakuwa nimemwondolea mdogo mwalimu wake. Bibi yao anasema watoto hawalingani, kisha akanikumbusha kuwa mwana umleavyo ndivyo akuavyo: nikimlea mkubwa kwa makemeo, makemeo hayohayo yatamfikia mdogo. Neno hilo la mwisho linanichoma, maana juzi nimemsikia mkubwa akimwambia mwanasesere wake, "Hujaulizwa wewe."

Nimejaribu kusoma, na kusoma kumenichanganya zaidi. Orodha nyingi zinasema mtoto wa miaka 2 awe na maneno yapatayo 50 na awe ameanza kuunganisha mawili. Nikakuta tena kwamba mwaka 2022 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilirekebisha orodha yake, maneno 50 yakawekwa kwenye miezi 30, na kuunganisha maneno mawili kwenye miaka 2. Nilitaka kushusha pumzi kwa kuwa bado tuna miezi 3, mpaka nikasoma maelezo yake: orodha hiyo imewekewa mambo ambayo watoto 75 au zaidi katika kila 100 wanatarajiwa kuwa wanayafanya wanapofika umri huo. Kwa hiyo asiyeyafikia si wa kuambiwa asubiri tu.

Na hapo kuna jambo ambalo orodha hizo hazinisaidii. Zimeandikwa kwa lugha ya Kiingereza. Sisi tukisema "imekwisha" tumetaja kitu, tumetaja wakati, tumetaja tendo, vyote ndani ya neno moja. Mdogo wangu, kikombe kikiwa kitupu, hukigeuza juu chini na kusema "mesha". Mimi naisikia "imekwisha" iliyokatwa kichwa, ila wakati umebaki. Je, nihesabu neno moja, au kuna kazi kubwa zaidi anayoifanya ambayo hesabu yangu haiioni? Kama kuna msomaji aliyesomea lugha ya watoto wanaokua na Kiswahili, ningeshukuru sana kusikia kutoka kwake.

Tulimpeleka kliniki. Muuguzi alimpima uzito, akamwangalia anavyotembea, akacheka naye kidogo, akasema mtoto mzima huyu, atasema tu. Masikio hayakupimwa na mimi sikuuliza. Najuta. Mdogo amesumbuliwa sana na mafua, na mara 2 ameugua sikio. Nimesoma kuwa baada ya ugonjwa wa namna hiyo, maji yanaweza kubaki nyuma ya ngoma ya sikio kwa wiki nyingi, hata miezi, bila homa wala maumivu, na mtoto akawa anasikia kama mtu aliyezamisha kichwa ndani ya maji: sauti inafika, maneno yanakuja yamefifia. Nikimwita kwa kunong'ona nikiwa nyuma yake, chumba kikiwa kimya, anageuka. Redio ikiwa imefunguliwa, kuna nyakati hageuki. Sijui kama ni kutosikia au ni kuzama katika mchezo wake, na najua jaribio langu la sebuleni si kipimo.

Kuna na simu, nalo nitalisema wazi. Mkubwa alipokuwa mchanga tulikuwa naye peke yake, tunaongea naye tukimvisha, tukimlisha, tukimtembeza. Mdogo alipokuja tulikuwa tumechoka, na alipofikisha mwaka mmoja tulishaanza kumpa simu atulie aangalie katuni wakati tunamshughulikia dada yake. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: chini ya miaka 2 mtoto asikalishwe mbele ya kioo cha simu au televisheni, na kuanzia miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mwongozo huo ulikuwepo kabla mdogo hajazaliwa, ila sisi hatukuujua. Simu tumeshaiondoa. Lakini katuni haikuwahi kungoja jibu lake, na muda ule aliokaa nayo ni muda ambao hakuna mtu aliyekuwa anangoja jibu lake.

Hilo ndilo lililonifanya nihesabu ni saa ngapi kwa siku ninakuwa na mdogo peke yake. Nilipata dakika 15 tu, za kumwogesha jioni, na hata hizo mara nyingi dada yake yupo mlangoni akitusimulia.

Jumamosi mama yao alitoka na mkubwa. Nikamwogesha mdogo bila haraka. Nilikuwa nimeamua kwamba akitoa sauti yoyote sitakimbilia kukisia. Nilizamisha mikono ndani ya beseni na kuhesabu kimya kwa vidole hadi 10. Dakika za mwanzo hapakuwa na kitu, akamwaga maji kwa kikombe, akasema "mesha", akachota tena. Kisha akaacha kuchota. Akatazama mlango. "Dada," akasema. Nikahesabu vidole. Nilikuwa nimefika 7 aliponigeukia.

"Dada pi?"

Maneno mawili, mshauri. Dada wapi. Nilimjibu kwamba dada ametoka na mama, watarudi sasa hivi. Akarudia "dada pi" mara nne nyingine, akiwa hanitazami tena, kama anayeonja ladha ya kitu kipya. Nililiandika daftarini mikono ikiwa bado na maji, na wino umesambaa kidogo pale kwenye tarehe.

Nimefurahi mno na nimechanganyikiwa mno. Sentensi yake ya kwanza ilihitaji dada asiwepo, na ilikuwa ya kumtafuta huyohuyo dada. Kwa hiyo simwoni tena mkubwa kama kizuizi, lakini siwezi pia kusahau kile kitabu kilichokaa mapajani bila kufunguliwa.

Naomba ushauri wenu. Kwanza kuhusu masikio: nirudi kliniki niombe kipimo cha usikivu mara moja, na nimwone mtaalamu wa matamshi sasa, au nisubiri miezi 30 ifike? Moyo wangu unaniambia nisisubiri, ila nataka kusikia kutoka kwa mzazi aliyepita njia hii, hasa ambaye mtoto wake alikuwa anaelewa vizuri kama wangu. Halafu kuna kuhesabu vidole. Je, kumngojea mtoto kunaweza kugeuka kumtesa? Ni lini nimpe neno, na ni lini niendelee kungoja? Sitaki afike mahali pa kulilia kiatu kwa sababu baba anahesabu.

Na kuna hili linalonisumbua kuliko yote. Mkubwa aliporudi ile Jumamosi nilimwonyesha daftari. Hajui kusoma bado. Akaweka kidole juu ya wino uliosambaa, akaniuliza hapa pameandikwa nini. Nikamsomea. Akakaa kimya, kisha akauliza, "Alisema mwenyewe?" Nikamwambia ndiyo, mwenyewe, na aliyekuwa anaulizwa ni wewe. Akacheka, mara ya kwanza tangu nimfokee. Lakini usiku, nikiwa namfunika shuka, akaniuliza kama kesho anaruhusiwa kumsaidia mdogo wake kusema. Nilimwambia nitamjibu asubuhi. Asubuhi zimeshapita tatu, na kila siku ananiuliza tena. Nimpe jibu gani ambalo mtoto wa miaka 4 na nusu ataweza kulishika na kulitenda, bila kujiona kwamba sauti yake ni kosa?

Wenu,
Baba wa mabinti wawili