Barua ya wazi kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Mtwara kuhusu zabuni za bima za halmashauri

Ndugu Katibu Tawala,

Ofisi yako ndiyo mshauri wa halmashauri za mkoa huu, kwa hiyo naomba isimamie namna zabuni za bima ya mali zao zinavyoandaliwa kabla hazijatangazwa. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inataka ushindani, na kwa NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni, zabuni ya Nanyumbu humfikia mzabuni aliyeko Dar es Salaam bila yeye kufunga safari. Kinachonitia wasiwasi ni yaliyomo ndani ya kabrasha lenyewe.

Mkulima wa Tandahimba anajua kwamba korosho huingia mnadani zikiwa ghalani, zimepimwa na daraja lake linajulikana, ndipo wanunuzi wataje bei. Zabuni ya bima nayo ioneshe mzigo wake: kila gari na thamani yake ya leo, kila jengo na aina ya paa lake, masoko yakiwemo, pamoja na madai yote ya miaka mitatu iliyopita. Kampuni isiyopewa taarifa hizo hubahatisha. Ama itapandisha ada ili ijikinge, ama itaishusha kisha ijifiche kwenye masharti. Anayenufaika ni aliyeshika mkataba mwaka jana, kwa kuwa ndiye pekee anayezijua takwimu hizo.

Suala la thamani lina uzito wa pekee. Jengo la shilingi milioni 200 likikatiwa bima ya milioni 100, kisha upepo ukaliharibu kwa hasara ya milioni 40, masharti ya kawaida ya bima za majengo huiruhusu kampuni kulipa milioni 20 tu, kwa kuwa ni nusu tu ya thamani ya jengo iliyokatiwa bima. Ada ilionekana nafuu siku ya kufungua zabuni, lakini nusu ya hasara itatoka kwenye ushuru wetu wa korosho. Sisi wa ukanda huu, tulioona Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake vikikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, hatuna sababu ya kukadiria mali zetu chini ya thamani yake.

Kwa hiyo ada ndogo isiwe kigezo pekee. Wazabuni waeleze pia ni kiasi gani cha hasara halmashauri itabeba yenyewe katika kila ajali, fidia italipwa ndani ya siku ngapi, na nani atakwenda Newala kukagua gari la wagonjwa lililopinduka, ili lisikae miezi kwenye gereji huku wajawazito wakipakiwa kwenye bodaboda.

Mchakato uanze angalau miezi mitatu kabla bima haijaisha. Kinga haianzi ada ikiwa haijalipwa, na halmashauri iliyochelewa humrudia mtoa huduma yuleyule kwa bei anayoitaka yeye.

Naomba maelekezo haya yazifikie halmashauri kabla ya bajeti ya mwaka wa fedha ujao kupitishwa, na matokeo ya kila zabuni, yaani mshindi, ada na thamani iliyokatiwa bima, yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kata.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi na mlipakodi, Mikindani