Barua kwa mwanangu: Desemba utaendesha wewe

Mwanangu, mama yangu,

Marahaba. Nakuitikia leo kwa maandishi kwa sababu juzi kwenye simu uliniamkia vizuri na mimi nikakata maneno. Ulisema kwa furaha kwamba Desemba unakuja na gari lako, na ukifika Makambako utanikabidhi ufunguo nikupeleke kijijini mwenyewe, kama zamani. Nikakwambia mtandao unasumbua. Mtandao haukuwa na shida.

Mwanangu, mimi siendeshi tena. Huu ni mwezi wa 14. Mama yako anajua, mdogo wako anajua, na mimi ndiye niliyewakataza wasikwambie. Nimekukosea.

Ilivyoanza sikuijua. Macho hayakuuma wala hayakuwa mekundu. Namba za gari la mbele nilizisoma kama kawaida. Kilichokuwa kinapotea ni pembeni, na hapapotei kwa giza. Huoni weusi wowote, unaona tu barabara imetulia kuliko ilivyo. Bodaboda wakawa wanatokea ghafla, nikawalaumu wao. Swala wa hifadhi ya Mikumi, ambao kwa miaka 26 nilikuwa nawaona wakiwa bado kwenye nyasi, nikaanza kuwaona wameshafika kwenye lami.

Hapo ningekwenda hospitali. Sikwenda. Nilimwambia kijana wangu, utingo, asilale njiani, awe ananitajia: kushoto baiskeli, kushoto mtu. Karibu mwaka mzima niliendesha kwa macho ya kijana wa miaka 22, huku nyuma nimebeba tani 30. Nakwambia wewe kwa sababu sijapata wa kumwambia, na jambo hili huniamsha usiku hadi leo.

Ilula ndipo nilipokomea. Jioni ile kijana alisinzia. Nikasikia kitu kimegonga kioo cha kushoto, nikasimama. Alikuwa mvulana na baiskeli yenye matenga mawili ya nyanya. Kioo kilikumba tenga, yeye hakikumgusa. Nyanya zilitapakaa, magari yanazikanyaga, naye amesimama ameshika baiskeli yake ananitazama. Rika la mdogo wako. Nilimlipa nyanya zote, nikamsaidia kufunga tenga. Lakini sikuwa nimemwona, mwanangu. Si kwamba nilimwona nikachelewa kukanyaga breki. Kwangu mimi mtoto yule hakuwapo barabarani.

Hospitali nilikwenda nikiomba Mungu kiwe mtoto wa jicho, maana jirani yetu mzee alitolewa chake, akawekewa lenzi, akarudi anawatambua wajukuu. Daktari akanipima presha ya macho, akachungulia nyuma ya jicho kwa muda mrefu, kisha akaniweka kwenye mashine. Kidevu hapa, tazama katikati, kila ukiona kitaa kimewaka pembeni bonyeza. Nikangoja vitaa. Nikangoja sana. Mwisho nikamuuliza tunaanza saa ngapi. Akaniambia kwa upole kwamba jicho la kushoto tumeshamaliza.

Ni glakoma, ile wanayoiita presha ya macho. Mtoto wa jicho ni ukungu kwenye lenzi, na lenzi hubadilishwa. Huu wangu unaua mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, na sehemu iliyokufa hairudi. Matone ninayotia kila usiku yanalinda kilichobaki, basi. Kesho yake nilimpelekea tajiri ufunguo mkononi. Akaniuliza kama naweza safari fupi za mchana, hapa hapa mjini. Nikamkumbuka mvulana wa Ilula, nikasema hapana.

Miezi ya kwanza ilikuwa mibaya. Unajua nyumba yetu ilivyo karibu na barabara. Nalala nasikia malori, najua nani amechelewa kubadili gia. Mshahara uliniuma, ndiyo, lakini kilichoniuma zaidi ni kuomba: kumwomba mtoto anisindikize sokoni, kushikwa mkono kuvuka barabara ile ile niliyoishi juu yake. Na watu hawaelewi. Wananiona nasoma gazeti, natunga uzi kwenye sindano, halafu nampita mtu begani bila salamu. Wakasema siku hizi nina maringo. Jumapili moja wakati wa matangazo nilisimama kanisani nikawaeleza wote: naona mbele tu, pembeni sioni, kwa hiyo nisipokusalimu niite jina. Tangu siku hiyo naitwa jina barabara nzima. Nilipokaa chini miguu ilikuwa inatetemeka, lakini nadhani ndiyo siku niliyoanza kupona, ingawa macho ni yale yale.

Sindano nimeitaja si bure. Nashona maturubai ya malori hapo yadi. Kazi ya mbele ya macho bado naiweza, na madereva wananiletea. Nikitembea nageuza shingo yote, kushoto, kulia, tena kushoto, kama nilivyofundishwa kliniki. Naenda polepole. Nafika.

Sasa wewe. Ugonjwa huu hutembea katika ukoo, na sisi watu weusi hutuwahi mapema na huwa mkali zaidi. Babu yako alikufa haoni. Tulisema ni uzee, wengine wakasema mengine ambayo siyarudii. Leo naamini alikuwa na hiki hiki, na kama kuna mtu angetuambia, mimi ningepimwa nikiwa na umri wako. Una miaka 34. Hapo Moshi mna hospitali ya KCMC, idara ya macho. Nenda kabla ya kuja. Usiseme mbona naona vizuri, hata mimi nilikuwa naona vizuri. Waambie baba yangu ana glakoma, naomba mnipime presha ya macho na mshipa. Ukikutwa nayo mapema, matone yatakutunzia macho yako, utaendesha mpaka uchoke mwenyewe. Mdogo wako nimeshampeleka, yuko salama, ila atarudia kupimwa. Majibu yako njoo nayo, hata yakiwa mazuri nataka kuyashika mkononi.

Desemba nitakaa kushoto. Toka Moshi alfajiri, ulale Morogoro. Mikumi uipite jua likiwa limeshatoka, taratibu, na utazame nyasi, usitazame lami peke yake. Kwenye mlima wa Kitonga usilipite lori hata likipanda kwa mwendo wa mtu, dereva wake hana pa kukukwepea. Ilula simama. Utawaona vijana na baiskeli zao kando ya barabara. Ninunulie tenga moja la nyanya, na bei watakayokutajia usiipunguze.

Baba yako