Rangi ya mumiani haikuwa jina tu

Mhariri, salaam. Nimesoma makala yenu ya majina ya rangi za zamani, nzuri kwa kweli, ila pale mwandishi anaposema ile kahawia ya mumiani iliitwa hivyo kwa sababu tu inafanana na maiti za Wamisri wa kale, hapo amechemka. Haikufanana nazo, ilikuwa ndo zenyewe. Maiti zilizokaushwa Misri, za watu na wakati mwingine paka, zilipelekwa Ulaya zikasagwa unga, unachanganywa na utomvu na manemane basi rangi hiyo tayari, na wachoraji waliipenda maana ni nyepesi, inapitisha mwanga, ukiipaka kwenye vivuli na ngozi ya mtu inatulia vizuri (ingawa baadaye ilikuwa inapasuka nyufa).

Neno lenyewe si geni kwetu. Limetoka Kiajemi, mum ni nta, na mwanzoni mumiani ilikuwa lami ya dawa, sasa Wazungu wakaona zile maiti nyeusi wakadhani ni kitu kilekile, wakaanza kuzisaga na kuzinywa kama dawa kabisa! Kutoka duka la dawa hadi kwa mchoraji haikuwa safari ndefu, wauzaji walikuwa walewale.

Mwandishi wenu asijisikie vibaya lakini, Edward Burne-Jones mwenyewe, mchoraji wa Kiingereza aliyekuwa anaitumia, alidhani hivohivo. Mwaka 1881 wamekaa baada ya chakula, mchoraji mwenzake Lawrence Alma-Tadema akasema amealikwa kwa muuza rangi wake kuangalia mumia (yaani hiyo maiti iliyokaushwa) kabla haijasagwa, Burne-Jones akabisha, hilo ni jina tu bwana. Alipohakikishiwa kwamba ni kweli akainuka hapohapo, akaenda kuchukua tyubu yake moja ya rangi hiyo aliyokuwa nayo, wakachimba kishimo kwenye majani bustanini wakaizika, na msichana mmoja akapanda ua la deizi juu yake. Mtu alizikwa mara ya pili, safari hii ndani ya tyubu.

Na biashara haikuishia hapo jamani. Mwaka 1964 duka la rangi la Roberson la London ndo linasema mumia zimewaishia, labda kuna viungo viwili vitatu vimebaki mahali ila havitoshi kutengeneza rangi.

Tyubu za siku hizi zenye jina hilo ndani ni udongo na hematiti, madini ya chuma. Hizo sasa ndo jina tu.

Msomaji wenu