Manjano yale si ya kupaka

Ngamiani, Tanga

Ndugu yangu Mwinyi,

Asalaam aleikum. Huku kwetu wazima, embe zimeanza kuingia sokoni kwa hiyo hatuna la kulalamika. Picha zako nimezipata, na ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, pamoja na pale unapogombana na mbuzi wa jirani.

Uliponiuliza kwenye simu rangi ya kupaka madirisha yako yapate manjano kama ya kile kioo ulichokiona, nilikujibu kwa maneno mawili tu, "usinunue rangi", ukanuna. Basi nikueleze kwa kituo.

Kioo kile cha manjano ulichokiona hakikupakwa kitu. Pitisha ukucha, hutahisi ukingo. Kwaruza kwa wembe, hakibanduki kitu. Fedha, yaani madini, si pesa, imeingia ndani ya kioo chenyewe. Kioo cha dirisha ni mchanga, magadi na chokaa vilivyoyeyushwa pamoja, na hayo magadi ndiyo yanayoleta sodiamu. Kioo kikiwa baridi, ioni za sodiamu, yaani atomu zake zilizopungukiwa elektroni (punje ndogo ya umeme) zikabaki na chaji, zimetulia mahali pake. Kikipata moto zinaanza kuhama, ingawa kioo bado kigumu. Ikikutwa fedha juu yake wakati huo, ioni zake huingia na za sodiamu hutoka. Ni daladala ya Raskazone iliyojaa, hapandi mtu mpaka mwingine ashuke. Zote mbili zina chaji sawa, ndiyo maana hesabu haivurugiki. Hata kioo cha simu yako kimekazwa hivyo, ila anayepanda ni potasiamu, na huyo ana mwili. Akishajibana kwenye kiti cha sodiamu, uso mzima wa kioo unabanana na ufa unapata tabu kufunguka.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Fedha ikiwa bado ioni haina rangi. Maabara huyeyusha nitrati ya sodiamu, aina ya chumvi ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 308, wakatia nitrati ya fedha kidogo na kuzamisha kioo. Kinaweza kutoka humo kikiwa hakina rangi kabisa. Kirudishe motoni, nyuzi 500 hivi, manjano yanajitokeza yenyewe. Ioni zimepata elektroni, kwa mfano kutoka kwenye chuma kidogo kilichomo kiooni, zikawa atomu, na atomu zikakusanyana kuwa chembe za nanomita chache. Nanomita ni milimita moja uigawe mara milioni. Elektroni za chembe ndogo kiasi hicho hutikisika pamoja na mwanga, zikameza zambarau na buluu, karibu na nanomita 410, na kinachopita kikafika machoni ni manjano. Chembe zikikua na kusongamana unapata kahawia. Fedha ya sonara, ile nyeupe, ndiyo hii hii. Kilichobadilika ni ukubwa.

Na usidhani ni mambo ya juzi. Fustat, Misri, kilipatikana kikombe cha kioo kilichotiwa rangi za namna hii, kina jina la gavana wa mwaka 773. Ulaya walianza kuchoma fedha kwenye madirisha ya makanisa mwanzoni mwa karne ya 14.

Mafundi hawazamishi kioo. Wanachanganya chumvi ya fedha na udongo mwekundu uliosagwa, wanapaka, wanaacha ukauke, kisha tanuri, nyuzi 600 hivi. Ukifungua tanuri likishapoa unaona tope kavu la kukatisha tamaa. Futa kwa kitambaa chenye maji: udongo wote unaondoka, na chini yake manjano yamebaki, maangavu, kwenye mistari ile ile uliyochora. Mimi bado napenda kumkabidhi mgeni kile kitambaa afute mwenyewe.

Jambo la kuangalia ni upande. Vioo vya siku hizi hutengenezwa vikielea juu ya bati lililoyeyuka, njia iliyotangazwa na Pilkington wa Uingereza mwaka 1959. Upande uliogusa bati hubaki na bati kidogo, nalo huipa fedha elektroni upesi. Kwa hiyo upande huo hukolea haraka na mwingine hubaki hafifu. Tochi ya kukagulia noti haitakuonyesha tofauti. Inatakiwa taa ya urujuanimno, ule mwanga usioonekana kwa macho, yenye mawimbi mafupi, nanomita 254, na upande wa bati hutoa mng'ao wa weupeweupe. Taa ninayo. Miwani pia, maana mwanga ule unaunguza macho.

Kuchoma muda mrefu hakulipi sana. Fedha huingia mikromita (milimita uigawe mara elfu) chache, ikizidi makumi, na ukitaka ifike mara mbili ya hapo itabidi uchome muda mara nne.

Lile wazo lako la kuyeyusha chumvi hapo karakanani lifute kabisa. Nitrati iliyoyeyuka ikiangukiwa na maranda inalipuka moto, na kwako unakanyaga maranda kila hatua. Wala usimruhusu kijana yeyote ayeyushe fedha kwa asidi. Moshi ule wa kahawia unaharibu mapafu. Chumvi iliyo tayari inatosha, nayo ishike kwa glavu, la sivyo utakwenda harusini na vidole vyeusi.

Halafu usije ukawatangazia wageni wa nyumba yako kwamba madirisha yanaua vidudu. Ioni za fedha kweli huua bakteria, lakini mpaka zitoke nje na unyevu. Hizi zetu zimeshakuwa chembe na zimefungiwa kiooni.

Fundi aluminiamu mwambie asubiri na stika zake. Kata vipande vya majaribio kutoka kioo kimoja, maana viwanda tofauti hutoa manjano tofauti, na kabla ya kukata tia alama ya kalamu upande mmoja wote, tusije tukachanganya pande. Njoo navyo wiki ya kwanza ya mwezi. Mama Zuhura anasema safari hii usije bila kamba wa Bagamoyo, na salamu zake zimfikie mkeo.

Wako,
Athumani